Kwa Nini Mkoma Una Vichwa Viwili

Njooni karibu, na ninyi mlioko jikoni punguzeni moto mje pia. Mke wa mjukuu wangu, ambaye ni mtu wa pwani na ndiyo mara yake ya kwanza kufika huku kwetu, ameniuliza jambo leo asubuhi tulipokuwa tukitembea. Anasema kwao mnazi hupanda juu moja kwa moja, mvumo vilevile, mtende vilevile. Mbona mkoma wa huku kaskazini ukifika katikati unagawanyika na kuwa na vichwa viwili? Je, ni ugonjwa? Hapana, binti yangu, si ugonjwa. Ni kazi ya mabibi wawili, na nitakusimulia ilivyokuwa, kama nilivyosimuliwa na bibi yangu huku akinisuka nywele na kunivuta kila nilipotaka kuinuka.

Wakati huo mkoma ulikuwa na shina moja na kichwa kimoja, kama miti mingine yote ya jamii yake. Ulimea katika mto mkavu ulioko kati ya mlima na ziwa, mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, na maji yake huja yakitaka yenyewe. Matunda yake, makoma, yaliiva kila kiangazi, yakawa ya kahawia na kung'aa, kisha yakaanguka. Nyani waliyatafuna na kuyatema. Watu hawakuyagusa. Walipita chini ya miti ile wakienda zao, na kama walikaa kivulini, walikaa kidogo tu, mpaka jasho likauke.

Na watu wenyewe walikuwa wa namna mbili. Juu mlimani waliishi wafugaji wa mbuzi na ngamia, ambao chakula chao kilikuwa maziwa, asubuhi mabichi na jioni mgando, na nyama pakiwa na sherehe. Chini ziwani waliishi wavuvi, waliokula samaki, ngege na sangara, na samaki waliobaki wakawapasua na kuwaanika juu ya mawe meusi mpaka wakawa ng'onda wakavu kama magome. Walijuana, hata walibadilishana ngozi na chumvi, lakini hawakula pamoja. Wa mlimani walisema samaki ni kiumbe asiyefumba macho, na kitu kisichofumba macho huwezi kukila ukalala salama. Wa ziwani walisema maziwa ya mlimani, kwa jinsi vibuyu vinavyofukizwa moshi, yana ladha ya nyumba iliyoungua.

Mlimani kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa Namoru. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye shingo ya kubeba shanga nyingi na sauti ya kuita mbuzi kutoka bonde la pili. Mume wake alikuwa amefariki, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, kijana aliyeitwa Lokwang. Hakuna aliyemshinda Namoru kwa kugandisha maziwa. Alijua ni mti gani wa kufukizia kibuyu, alijua ni lini ukitikise na ni lini ukiache, na watu walipita njia ndefu ili tu wapite kwake wakati wa kumimina.

Kiangazi kimoja malisho yalikauka mlimani, Lokwang akateremsha mbuzi mpaka ziwani. Huko akamwona msichana aliyekuwa akianika samaki na kuwafukuza korongo kwa kuwatukana mmoja mmoja, kana kwamba anawajua kwa majina. Lokwang akacheka. Msichana akageuka, akamtukana na yeye. Huyo alikuwa Apua, binti wa Asinyen. Mvua iliporudi, mbuzi walirudi mlimani, lakini Lokwang alichelewa kurudi, na aliporudi alikuwa na habari ya kumwambia mama yake.

Namoru hakupinga. Alisema tu, "Atakula nini?" Na ziwani, Asinyen alipoambiwa binti yake anaolewa mlimani, naye alisema maneno hayohayo, ila yeye aliyasema huku akilia.

Asinyen alikuwa mfupi, mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Alimlea Apua na ndugu zake kwa samaki, na aliamini kwa moyo wote kwamba mtu asiyekula samaki mifupa yake ni ya kukopa. Binti yake alipoondoka, alimfungia ng'onda katika kikapu cha majani ya mkoma, akakishindilia mpaka kikakataa kufungwa. Apua alikifikisha kikapu mlimani, na ndani ya nyumba ya Namoru kikatoa harufu ambayo mbuzi walikuja mlangoni kuitazama. Namoru alikichukua kikapu, akakitundika juu ya mti ulio mbali na boma, upande upepo unakoelekea.

Pole kwa pole wakazoeana. Apua alijifunza kunywa maziwa kwa kuziba pua, kisha bila kuziba pua, kisha akawa anaomba yaongezwe. Namoru alijifunza kumpenda, ingawa hakumwambia. Mwaka wa pili akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Nawoi. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Maana siku hizo kulikuwa na desturi. Mtoto akiota meno ya kwanza, bibi yake ndiye humwonjesha chakula cha kwanza zaidi ya maziwa ya mama. Na chakula hicho, watu waliamini, ndicho kinachomwambia mtoto kwao ni wapi. Akionjeshwa maziwa ya kibuyu, basi ni wa mlimani maisha yake yote. Huko ataishi, huko watamwita kwenye sherehe zao. Akionjeshwa samaki, ni wa ziwani. Ilikuwa rahisi, kwa sababu kabla ya Nawoi mabibi wote wawili wa mtoto walikuwa wakitoka upande mmoja.

Meno ya Nawoi yalipochungulia, Asinyen alimtuma mpita njia na ujumbe: "Mleteni mtoto ziwani aonje." Namoru akamrudisha mpita njia yule na jibu: "Mtoto amezaliwa mlimani, ataonja mlimani." Ujumbe wa pili ulikuwa mrefu zaidi na jibu lake lilikuwa kali zaidi. Wa tatu, mpita njia mwenyewe alikataa kuufikisha, akasema maneno yale si ya kubebwa na mtu mzima.

Apua alikonda kwa mawazo. Akienda ziwani, atakuwa amemdharau mama mkwe wake. Akibaki mlimani, mama yake hatamsamehe. Na Nawoi alikuwa anataka kula. Alinyonya mpaka titi la mama yake likakauka, kisha akatafuna vidole vyake na kulia. Hakuna aliyethubutu kumpa hata tone la kitu kingine.

Asubuhi moja Apua alisimama mbele ya Namoru, mtoto mgongoni, akasema, "Mama, mimi siendi ziwani na sibaki hapa. Nakwenda kwenye mto mkavu, kwenye mikoma, katikati ya njia. Wewe njoo na kibuyu chako. Mama yangu nimemwambia aje na kikapu chake. Mtaongea huko, na mtoto atakula huko."

"Mkwe wangu umeota pembe," alisema Namoru. Lakini akaingia ndani kuosha kibuyu.

Basi ikawa safari ambayo haijawahi kuonekana. Kutoka mlimani walishuka Lokwang na mkewe, shangazi, wajomba, watoto wakikimbia mbele, mbuzi wachache wa kuchinja, na ngamia jike mzee wa Namoru aliyebeba vibuyu. Ngamia yule alikuwa na tabia ya kusimama ghafla na kupiga magoti ghafla, apendavyo yeye, na alimsikiliza Namoru peke yake. Kutoka ziwani walipanda Asinyen na wanawe, majirani na watoto wao, na vikapu vya ng'onda, na samaki wabichi wa asubuhi ile waliofungwa katika majani mabichi. Walikutana mtoni kabla ya adhuhuri. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, anga jeupe, bila wingu hata la ukubwa wa kiganja.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Watoto wa pande zote mbili walitazamana kwa muda mfupi, kisha wakaanza kuteleza pamoja kwenye kingo za mchanga. Wanaume walichinja mbuzi. Shangazi wa mlimani na mke wa mvuvi mmoja waligundua kwamba wanajua wimbo mmoja, ila kila mmoja ana maneno yake, wakauimba wote wawili kwa wakati mmoja na hakuna aliyekubali kunyamaza.

Kivuli kizuri kuliko vyote kilikuwa cha mkoma mmoja uliosimama peke yake katikati ya mto, juu ya kichuguu cha mchanga. Haukuwa mrefu sana bado, na mashada ya makoma yalining'inia pande zote. Hapo ndipo walipokaa mabibi wawili. Ngamia alipiga magoti pembeni yao. Nawoi alikuwa katikati, juu ya ngozi ya mbuzi, akitafuna kidole.

"Nyie endeleeni na kazi zenu," Namoru aliwaambia Lokwang na Apua. "Sisi wazee tutazungumza."

Apua alimtazama mumewe, Lokwang akamshika mkono, wakaenda ukingoni kuwasaidia wengine kukusanya kuni. Na mabibi wakaanza kuzungumza.

"Mkwe," alisema Asinyen kwa upole, "mtoto huyu ana macho ya kwetu. Tazama anavyokodoa. Anatafuta maji."

"Anatafuta mbuzi," alijibu Namoru.

"Na miguu yake mifupi, kama yangu."

"Bado hajasimama. Akisimama utaona alivyo mrefu."

Asinyen akafungua kikapu, akanyofoa kipande kidogo cha samaki, akakiviringisha kwa vidole. Namoru akafungua kibuyu, akamimina maziwa kidogo kwenye kifuniko. Kila mmoja alifanya kana kwamba anajiandalia mwenyewe.

"Hicho ni cha nani?" aliuliza Namoru.

"Cha kwangu. Hayo ni ya nani?"

"Yangu."

Wakatazamana. Kisha upole ukaisha. Namoru akasema kuhusu kikapu kile alichokitundika juu ya mti. Asinyen akauliza ni kikapu gani, akaelezwa, akainuka kwa magoti, akasema kuhusu vibuyu na nyumba zilizoungua. Sauti zikapanda. Kule ukingoni watu waliacha kufanya kazi wakawa wanasikiliza, na wengine walikuwa tayari wamechagua upande. Shangazi na mke wa mvuvi wakaacha kuimba. Mama mmoja wa ziwani akaanza kukusanya vikapu vyake ili arudi nyumbani. Apua aliketi chini, akafunika uso wake kwa mikono.

Kwa hiyo hakuna aliyeona mbuzi walipoinua vichwa vyao wote kwa pamoja.

Nyuma ya mlima, mbali ambako hata ngurumo haikusikika, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku kucha. Na maji ya mvua ile yalikuwa njiani. Wale mnaokaa huku mnajua yanavyokuja: kwanza upepo wa baridi unaokupiga shingoni bila sababu, kisha sauti kama ya mifugo mingi inayokimbia, kisha yenyewe, ukuta wa rangi ya udongo, umebeba miti mizima na povu.

"Mama!" Lokwang alipiga kelele. "Mama! Mto unakuja!"

Namoru aligeuka, akaona. Hakukuwa na muda wa kufika ukingoni, si kwa miguu ya vijana, sembuse ya wazee. Alimnyakua Nawoi akamfunga kifuani kwa ngozi ya mbuzi, akavaa kibuyu begani, akapanda juu ya ngamia wake. Kisha akamnyooshea Asinyen mkono.

"Panda!"

"Juu ya mnyama huyu?"

"Panda, mwanamke!"

Asinyen akapanda, kikapu mkononi, na ngamia, ambaye kwa mara moja katika maisha yake alisimama wakati mwafaka, akainuka na kuwanyanyua mpaka kwenye majani ya mkoma. Wakadaka makuti. Miiba ya makuti ikawachoma, hawakuachia. Ngamia akahisi maji ya kwanza kwenye miguu yake, akatoka mbio bila kuaga, akafika ukingoni mwenyewe. Na mto ukafika.

Ulipita pande zote mbili za mkoma kwa kishindo, na shina likatetemeka kama fimbo. Mabibi walikuwa wamekaa juu ya kichwa cha mti, mmoja upande wa mlima, mwingine upande wa ziwa, kwa sababu walipojaribu kukaa upande mmoja mti uliinama. Namoru, ambaye maishani mwake hakuwahi kuona maji yaliyozidi ya kisima, alifumba macho akaanza kuyumba.

"Fumbua macho, mkwe," alisema Asinyen. "Ukifumba utaanguka. Ila usitazame maji. Nitazame mimi."

Namoru alifumbua jicho moja. "Nikutazame wewe? Afadhali maji."

Asinyen akacheka, halafu kwa bahati mbaya akatazama chini. Yeye maji hakuyaogopa, aliogopa urefu. Kwao hakuna kitu kilicho juu kuliko mtumbwi. Akaling'ang'ania kuti, akaacha kucheka.

"Mimi nimeshuka magenge nikiwa na mbuzi mabegani," alisema Namoru, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine. "Bana kuti kwa mapaja. Hivyo. Sasa vuta pumzi. Huanguki."

Wakakaa hivyo, mmoja akimfundisha mwenzake urefu, mwingine akimfundisha maji. Kule ukingoni watu walikimbia huku na huko, walifunga kamba za ngozi wakazitupa, zote zikachukuliwa. Apua alisimama kwenye maji mpaka mumewe akamvuta nyuma. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Na Nawoi akaanza kulia. Alikuwa na njaa, na alilia kwa nguvu zake zote, akijinyonganyonga ndani ya ngozi hata Namoru akashindwa kumshika vizuri.

"Mpe maziwa anyamaze," alisema Asinyen. Fikirini, ni yeye aliyesema. "Atakutoka. Mpe!"

Namoru akamimina kidogo kwenye kiganja, akampa. Maziwa yalikuwa yametikiswa na ngamia na jua, yamekuwa makali. Nawoi akayatema yote kifuani mwa bibi yake.

"Basi mpe samaki," alisema Namoru. Na ni yeye pia aliyesema.

Asinyen akanyoosha mkono, akamtia mdomoni kipande laini alichokiviringisha. Nawoi akakunja uso, akakisukuma nje kwa ulimi, kipande kikaanguka mtoni. Mabibi wakatazamana. Wamegombana kwa wapita njia, wamegombana mbele ya jamaa, na mtoto mwenyewe hataki cha huyu wala cha yule.

Kilio kikanyamaza ghafla. Karibu na bega la Namoru lilining'inia shada la makoma, na Nawoi alikuwa amechomoa moja kwa mikono yake miwili. Lilikuwa kubwa kuliko mdomo wake. Aliligeuza, akalinusa, akalitia meno yake mawili, akalikwaruza. Utamu wa koma, kama mnavyojua, hauji haraka. Unausubiri, halafu unafika kama sukari guru iliyokaa na tangawizi. Macho ya mtoto yakapanuka. Akakwaruza tena. Kisha akacheka, mdomo mzima umejaa unga wa kahawia.

"Ameonja," alisema Asinyen polepole.

"Ameonja," alisema Namoru. "Na hakuna aliyemwonjesha."

Ndipo kicheko kikawashika. Walicheka kwa hofu, kwa uchovu na kwa aibu, walicheka mpaka makuti yakatikisika na watu wa ukingoni wakadhani wamepata wazimu. Na mti, uliokuwa umesukumwa na maji tangu adhuhuri na sasa unatikiswa na wazee wawili wanaocheka, mmoja kila upande, ukalia kraaa, ukapasuka kutoka kichwani.

Shina likafunguka. Nusu ikaegemea ziwani na Asinyen juu yake, nusu ikaegemea mlimani na Namoru na mtoto. Walidakana mikono juu ya mwanya. Lakini nusu ya Namoru, kwa kuwa ilibeba watu wawili, ikazidi kuinama, na maji yakamgusa miguu, kisha magoti.

Kwa mkono wake mmoja Namoru alilegeza ngozi kifuani.

"Mkwe," alisema, "mchukue mtoto."

"Na wewe?"

"Mchukue kwanza. Ale samaki. Ale mchanga akitaka. Mradi awe hai."

Lakini Asinyen alikuwa na mkono mmoja ulioshikana na Namoru, na mwingine ulikuwa na kikapu. Alikiachia. Kikapu kilichotoka ziwani kikaanguka mtoni, na ng'onda wakarudi majini walikotoka. Namoru, ili amwinue mtoto vizuri, akainamisha bega, kibuyu chake kikateleza kikaenda na maji, kile kibuyu ambacho watu walipita njia ndefu kwa ajili yake. Hakukitazama. Alimwinua Nawoi juu ya mwanya, koma bado mkononi, na Asinyen akamdaka kwa ngozi, akamvutia kifuani, akaufunga ukanda kwa meno.

Uzito ukahama. Nusu ya mlimani ikainuka kidogo, ya ziwani ikashuka kidogo, na zote mbili zikasimama sawa. Namoru akatoka majini mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Sasa niachie mkono," alisema. "Utachoka."

"Sikuachii," alisema Asinyen. "Nani ataniambia kwamba mimi ni mfupi?"

Wakashikana hivyo alasiri nzima. Wakati mwingine walizungumza, wakati mwingine Namoru alimwimbia mtoto kutoka upande wake na Asinyen akamtikisa kutoka upande wa pili. Mto ule huja kwa haraka na huondoka kwa haraka. Jua lilipoanza kulala, maji yalikuwa yamefika magotini, na Lokwang na shemeji zake wa ziwani, wameshikana mikono kwa mstari, wakavuka wakawateremsha. Mikono ya mabibi ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi watu wavibandue vidole vyao kimoja kimoja.

Apua alimchukua mwanawe, akamgeuza huku na huku, akamlilia, akamcheka kwa vile alivyojipaka unga wa koma. Kisha akawakumbuka wazee. "Amekula nini? Nani amemwonjesha?"

Watu wote wakasogea kusikiliza.

"Uliza mti," alisema Namoru, akaomba nguo kavu.

Jioni ile vibuyu vingine vilikuwepo, na vikapu vingine vilikuwepo. Wakaponda makoma kwa mawe, wakachanganya unga wake na maziwa, wakachoma samaki na nyama juu ya moto mmoja kwa sababu kuni kavu zilizobaki zilikuwa chache. Namoru alikula samaki. Alikula akiwa amefumba macho kwa niaba ya samaki, kama alivyosema, lakini alikula. Asinyen alikunywa mgando, akasema si mbaya, akanyoosha kikombe aongezewe.

Kila mtu alidhani mkoma ule utakauka. Haukukauka. Nusu ya mlimani ikachipua kichwa chake, nusu ya ziwani ikachipua chake, na kila kimoja kikazaa. Kokwa zake zikachukuliwa na mto na nyani na watoto, na popote zilipoota, mti ulifika kimo cha ngamia aliyesimama, ukagawanyika. Mikoma ya zamani yenye kichwa kimoja ilizeeka ikaisha.

Toka mwaka ule, binti yangu, kiangazi kikiwa ukingoni, watu wa mlimani hushuka na watu wa ziwani hupanda, tunakutana kwenye mikoma, tunapika, tunakaa siku kadhaa. Tunakaa ukingoni, si katikati ya mto. Hilo nalo tulijifunza. Mtoto aliyeota meno hapewi chakula na bibi huyu wala yule. Mabibi wote wawili humshika, mmoja huku, mmoja huku, anawekewa koma mkononi, anajionjea mwenyewe. Na hakuna tena anayemwambia mtoto kwao ni wapi kwa kutazama sahani yake.

Namoru na Asinyen hawakuacha kubishana. Waliishi muda mrefu, na kila mwaka walikaa ngozi moja chini ya mti wao wakibishana ni kichwa kipi kina makoma matamu zaidi. Ubishi huo haujaisha hata leo. Jaribu kuuliza hapa uone.

Mwanao ameota meno, nimeyaona jana alipoing'ata shanga yangu. Makoma yameshaoshwa, yako kwenye ungo ule. Lakini hatumpi bado. Dereva wa lori la magunia amepiga simu kutoka njiani, anasema mama yako amekaa mbele pamoja naye, amechoka, amebeba kikapu cha vyakula vya pwani ambacho hataki mtu mwingine akishike. Tutamngoja. Wewe, mpishe mahali hapa karibu nami, na nyie watoto mfukuzeni yule mbuzi kwenye ungo.